Kupima saratani ya mlango wa kizazi Kigoma: mwongozo kamili, kutoka zahanati hadi rufaa

Hakuna saratani inayowapata wanawake wa Tanzania wengi kuliko ya mlango wa kizazi. Na hii ndiyo saratani ambayo mtu anaweza kuikwepa kwa kipimo cha dakika kumi, tena kinachotolewa bure kwenye vituo vya serikali.

Chanzo chake karibu mara zote ni kirusi cha HPV kinachoambukizwa kwa kujamiiana, na aina mbili za kirusi hicho, namba 16 na 18, ndizo zinazobeba takribani asilimia 70 ya wagonjwa. Watu wengi hukipata na mwili hukiondoa wenyewe. Kikikaa, huanza kubadilisha chembechembe za mlango wa kizazi taratibu: miaka 15 hadi 20 kwa mwenye kinga imara, miaka 5 hadi 10 kwa mwenye VVU ambaye hajatibiwa. Muda wote huo hakuna maumivu, hakuna damu, hakuna muwasho. Kwa hiyo anayesubiri dalili ndipo aende kupima anakuwa ameipita nafasi yenyewe.

Kipimo ni chepesi. Wanawake wengi hupotea baada ya kipimo: mtu ameambiwa ana doa, yaani mabadiliko kwenye mlango wa kizazi, amepewa tarehe, hakurudi. Ndiyo maana mwongozo huu hauishii kitandani kwa mhudumu. Unafuata karatasi yako hadi pale tiba inapokamilika.

Nani apime, na lini arudi

Kipimo kinachotumika zaidi kwenye vituo vyetu ni cha siki, ambacho wahudumu hukiita VIA. Walengwa ni wanawake wa miaka 30 hadi 50 waliowahi kujamiiana. Ukionekana huna tatizo, unarudi baada ya miaka mitatu.

Mwanamke anayeishi na VVU asisubiri kufika 30, na arudi kila mwaka. Hatari yake ya kupata saratani hii ni kama mara sita ya asiye na VVU, kwa hiyo apime hata kama anameza dawa vizuri na virusi havionekani. Kama unahudhuria CTC, kliniki ya dawa za VVU, waambie siku ya kuchukua dawa: «Mwaka huu sijapimwa mlango wa kizazi.» Vituo vingi vimeweka chumba cha kipimo jirani na CTC au kliniki ya mama na mtoto, kwa hiyo unaweza kumaliza yote kwa safari moja. Tunajua ukaribu huo unawatia hofu baadhi ya akina mama, kwamba atakayewaona pale atawadhania vingine. Ukihofia macho ya watu, pitia mlango wa kliniki ya mama na mtoto au uzazi wa mpango. Huduma ni ileile.

Aliyevuka 50, au ambaye hedhi imekwishakoma, siki haimfai sana. Sehemu inayotakiwa kuangaliwa huwa imerudi ndani ya mfereji wa kizazi na macho hayaifikii. Huyo aulize kipimo cha HPV chenyewe. Kipo baadhi ya maeneo na husomwa kwa mashine ya GeneXpert, ileile inayopima kifua kikuu, na mashine hutoa jibu ndani ya saa moja hivi tangu sampuli iwekwe. Uzuri wake mwingine ni kwamba mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe kwa brashi ndogo, faragha, bila kupanda kitandani.

Mjamzito asubiri ajifungue, kisha wiki sita zipite. Mwenye kitanzi anapima kama kawaida, hakitolewi. Aliyefunga uzazi anapima. Binti aliyechanjwa naye atapima akifika umri, maana chanjo haizuii aina zote za kirusi. Na hapo hapo, kama una binti wa miaka 9 hadi 14 nyumbani, chanjo ya HPV ni bure zahanati na shuleni, na tangu Aprili 2024 ni dozi moja tu badala ya mbili.

Uanzie wapi ukiwa Kigoma

Usianze na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Maweni kama kituo cha afya cha karibu kinapima. Foleni ya Maweni ni ndefu, na wengi waliopo pale wameletwa kwa barua za rufaa. Anza kwa kumuuliza nesi wa zahanati yako, au mhudumu wa afya ngazi ya jamii, maswali matatu: kituo gani kinapima mlango wa kizazi, siku gani za wiki, na je, mashine ya kutibu ipo hapohapo? Swali la tatu ndilo watu hulisahau, nalo lina uzito kuliko mengine. Kituo chenye kipimo na tiba pamoja kinakuokoa safari ya pili, na safari ya pili ndiyo inayowashinda wengi.

Kwa Kasulu na Kibondo, hospitali za wilaya ndizo pa kuuliza kwanza. Wa Kigoma Ujiji wana vituo vya afya vya manispaa kabla ya Maweni. Kwa Tabora utaratibu ni uleule, rufaa ya mkoa ikiwa Kitete.

Wa vijiji vya ziwani wana hesabu nyingine. Anayetoka Kagunga au Mwamgongo hushukia Kibirizi, na boti za kurudi kaskazini huondoka mchana. Ukifika kituoni saa tano ukakuta watu ishirini mbele yako, huwezi kupima, kutibiwa na kuiwahi boti. Panga kulala mjini kwa ndugu. Au fuatilia siku za huduma ya mkoba, timu inapokuja kijijini na vifaa vyake. Hao nao waulize lile swali la mashine.

Siku za kampeni ni nzuri kwa sababu huduma inakufuata. Ubaya wake ni haraka. Mhudumu mwenye wanawake themanini nje ya mlango hushawishika kutoingoja dakika nzima ambayo siki inahitaji ili ifanye kazi, na hapo doa hafifu hupita bila kuonekana. Ukiweza kwenda siku ya kawaida, nenda siku ya kawaida.

Siku mbili kabla

Chagua siku usiyo na hedhi. Wiki moja baada ya kumaliza ndiyo bora, kwa sababu damu huziba kinachotafutwa. Kwa saa 48 kabla, usijamiiane, usitumie dawa za kuweka ukeni, na usijioshe ndani kwa sabuni, ndimu, wala maji ya majani.

Tuseme wazi kuhusu shabu, ugoro na unga wa mitishamba wa kubana uke. Vitu hivi huchubua utando na kuacha mabaka meupe au mekundu yanayomchanganya mhudumu. Hata ukiacha kipimo pembeni, mchubuko huo ni njia ya maambukizi, VVU vikiwemo. Kama ulitumia karibuni, mwambie mhudumu. Hakusemi; anataka asome sawasawa anachokiona.

Beba kitambulisho, kadi ya kliniki au ya CTC, kadi ya bima kama unayo, majibu yoyote ya zamani, pedi moja na kitenge cha ziada. Vaa sketi au gauni, maana utavua nguo ya ndani tu. Kula kama kawaida. Hakuna kanuni inayokutaka ulete kibali cha mume ili upimwe, ingawa mume anayejua mapema atakuwa msaada mkubwa ikibidi kutibiwa, kwa sababu tiba ina wiki nne za kutokutana.

Ndani ya chumba

Kwanza utaulizwa umri, idadi ya uzazi, hedhi ya mwisho, hali ya VVU, na kama unatokwa damu au uchafu usio wa kawaida. Jibu kweli, hasa kuhusu damu baada ya tendo la ndoa. Ukiona haya kulisema hilo, yote mengine uliyosema yanapungua thamani.

Nenda haja ndogo kabla ya kupanda kitandani. Kibofu kilichojaa kinakuongezea maumivu ya bure.

Utalala chali, magoti yamepanda na kufunguka, kitenge kimekufunika. Ukitaka mhudumu wa kike, omba sasa. Mhudumu ataangalia sehemu za nje, kisha ataingiza spekulamu, chombo cha chuma au plastiki chenye umbo la mdomo wa bata, ili kuta za uke zikae kando na mlango wa kizazi uonekane. Chuma ni baridi, na mwili hujikaza wenyewe. Pumua kwa mdomo, taratibu, na ushushe makalio yagande kitandani. Ukiyanyanyua ndipo unapoumia. Ikiuma sana sema, kuna ukubwa tofauti wa spekulamu.

Kabla ya siki, ataangalia kwa macho matupu. Akiona usaha mwingi au mlango umevimba na kuwa mwekundu, atakupa dawa za maambukizi na kukupangia urudi baada ya wiki chache. Mwenzi wako naye atibiwe, la sivyo utarudi na hali ileile.

Kisha anachukua pamba iliyolowekwa siki ya asilimia 3 hadi 5 na kuigandamiza kwenye mlango wa kizazi. Utasikia ubaridi na mwasho mdogo. Hapo lazima asubiri dakika moja kamili. Siki hugandisha protini za chembechembe zilizobadilika, zikawa nyeupe, ilhali ngozi yenye afya inabaki na rangi yake ya waridi. Doa linalohesabika ni jeupe zito, lina kingo zinazoonekana, na limegusa mstari ambapo ngozi ya nje inakutana na ya ndani. Weupe mwembamba unaofifia haraka si doa. Vituo vingine hupiga picha ya mlango wa kizazi ili mtaalamu aliye mbali aiangalie pia. Picha haina uso wako, na unayo haki ya kuuliza itakwenda kwa nani.

Mkiwa hapohapo, omba akupime matiti. Ni dakika tatu. Atapapasa titi zima na kwapa, ataminya chuchu aone kama kuna majimaji ya damu, na ataangalia ngozi kama imebonyea au imekuwa na vinyweleo vilivyozama kama ganda la chungwa. Nyumbani jipapase mwenyewe siku ya 7 hadi ya 10 tangu hedhi ianze, matiti yakiwa malaini, kwa nyama za vidole vitatu vya kati. Uvimbe uliopita mzunguko mmoja wa hedhi bila kuyeyuka upelekwe kwa daktari kwa ultrasaundi. Na uvimbe wowote wa titi ukikatwa, popote pale, usiruhusu utupwe kabla ya kupelekwa maabara. Mtu anatolewa uvimbe, kidonda kinapona vizuri, halafu unarudi baada ya mwaka na hakuna anayejua wa kwanza ulikuwa nini.

Majibu unayopewa palepale

Majibu ya siki hutoka ukiwa bado kitandani, nayo ni moja kati ya matatu.

Hasi: hakuna doa. Andikiwa tarehe ya kurudi kwenye kadi, na uinakili kwenye simu.

Chanya: kuna doa. Hii si saratani. Ni mabadiliko ambayo mengine yangeweza kuisha yenyewe na mengine yangeendelea hadi saratani, na kwa kuwa macho hayawezi kuyatofautisha, yote hutibiwa. Tunalirudia hili kwa sababu wanawake hutoka chumbani wamesikia neno saratani hata kama halikutamkwa, wakaenda kwa mganga, na miezi ikapita. Vilevile HPV haisemi nani aliileta wala lini. Inaweza kukaa mwilini miaka mingi kimya, kwa hiyo jibu hili lisigeuzwe ushahidi wa usaliti ndani ya nyumba.

La tatu ni kutiliwa shaka ya saratani: kidonda, nyama iliyochomoza, au damu inayotoka kwa kuguswa tu. Hapo hapatibiwi kwa mashine za kituoni. Nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya rufaa hapa chini.

Tiba ya siku hiyohiyo

Doa linalofaa kutibiwa kituoni lazima lionekane lote, lisiingie ndani ya mfereji, na lisizidi robo tatu ya mlango wa kizazi. Mjamzito hatibiwi kwa njia hizi.

Njia inayoenea sasa ni ya joto. Kifaa cha mkononi chenye ncha ya moto wa nyuzi 100 hugusishwa kwenye doa kwa sekunde 20 hadi 40, na hurudiwa kama doa ni kubwa kuliko ncha. Kinatumia betri, ndiyo sababu kinafaa vijijini. Ya zamani zaidi ni ya baridi, tiba mgando: dakika tatu za kugandisha, dakika tano za kuachia, tatu tena za kugandisha. Hii inategemea mtungi wa gesi, na mtungi ukiisha huduma inasimama hadi mwingine uletwe. Ukiambiwa «gesi imeisha, rudi mwezi ujao», uliza kituo gani jirani kina mashine, na uombe barua ya kwenda huko leo.

Mlango wa kizazi una mishipa michache ya maumivu, kwa hiyo kwa njia zote mbili utasikia tumbo la chini likikaza kama la hedhi, basi. Kaa dakika kumi na tano kabla ya kusimama. Wapo wanaosikia kizunguzungu.

Baada ya hapo utatokwa majimaji mengi, wakati mwingine yenye damu kidogo, hadi mwezi mmoja. Hiyo ni kawaida. Tumia pedi au vitambaa safi vilivyoanikwa juani, usiweke kitu chochote ndani. Wiki nne usijamiiane. Kidonda kibichi hupokea na kuambukiza VVU kwa urahisi. Kama nyumbani hakuna namna, basi kondomu kila mara, bila kukosa. Rudi kituoni siku hiyohiyo ukiona homa, maumivu makali ya tumbo la chini, damu nyingi kuliko hedhi yako, mabonge, au usaha unaonuka.

Rudi upimwe tena baada ya mwaka mmoja. Tarehe hii ndiyo inayosahauliwa kuliko zote, kwa sababu mtu anajiona amepona.

Ukipewa rufaa

Doa kubwa au lililoingia ndani hupelekwa hospitali kwa LEEP: daktari anachoma ganzi, kisha anakata kipande cha mlango wa kizazi kwa waya mwembamba wenye umeme. Unarudi nyumbani siku hiyo. Kipande kile kinapelekwa kwa mtaalamu wa patholojia, anayekichunguza maabara.

Usiondoke kituoni bila barua. Isome kabla ya kutoka: jina lako kama lilivyo kwenye kitambulisho, tarehe, walichokiona, kipimo gani kimefanyika, hospitali unakokwenda na kitengo, jina na sahihi ya mhudumu, mhuri. Barua isiyo na mhuri itakurudisha. Omba namba ya simu ya kituo, na piga simu hospitali ujue daktari wa magonjwa ya wanawake ana kliniki siku gani, kabla hujapanda gari la kutoka Kakonko ukamkuta hayupo. Ipige barua picha kwa simu. Mvua na watoto havichagui karatasi.

Mwenye dalili haanzii kwenye kipimo cha siki kabisa. Damu baada ya tendo, damu katikati ya hedhi, damu baada ya hedhi kukoma hata tone, majimaji yenye harufu kali, mgongo wa chini unaouma pamoja na mguu mmoja kuvimba: yoyote kati ya hizi ni sababu ya kumwona daktari hospitalini na kuchukuliwa kinyama, yaani kipande kidogo cha nyama cha kupimwa maabara.

Kuhusu kinyama hicho, kuna jambo dogo linaloharibu mengi. Maabara ya patholojia mara nyingi iko mkoa mwingine, na wakati mwingine chupa hukabidhiwa ndugu aisafirishe. Hakikisha kinyama kinaelea ndani ya formalini (dawa ya kuhifadhia nyama isioze) ya asilimia 10, kiasi cha mara kumi ya ukubwa wake. Kikiwekwa kwenye maji au kikakauka kinaharibika, na majibu hayapatikani. Chupa yenyewe, si kifuniko, iandikwe jina, namba ya hospitali, tarehe na sehemu kilipotoka, na iende na fomu yake. Majibu huchukua wiki kadhaa. Uliza yatarudi kwa nani, na uyafuatilie mwenyewe. Hospitali ina mafaili mengi, wewe una moja.

Saratani ikithibitishwa, hatua yake ndiyo inayoamua. Ya mapema hufanyiwa upasuaji. Iliyotoka nje ya mlango wa kizazi hutibiwa kwa mionzi pamoja na dawa, na kwa watu wa Kigoma hiyo ni Bugando, Mwanza, au Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Mionzi ya nje huchukua karibu wiki tano, siku tano kila wiki, ikifuatiwa na ya ndani. Safari ya Mwanza kwa basi hupita Kasulu, Kibondo, Kakonko na Nyakanazi. Ya Dar kuna pia treni. Vyovyote utakavyokwenda, hesabu miezi miwili ya kukaa, na tafuta pa kulala kabla ya kuondoka.

Kabla ya safari fanyiwa Maweni vipimo vinavyowezekana, ili usitumie wiki ya kwanza ugenini kuvisubiri: wingi wa damu, kreatinini ya figo, VVU, ultrasaundi ya tumbo, picha ya kifua. Viwili vya kwanza ndivyo hukwamisha zaidi. Wingi wa damu (Hb) ulio chini ya 10 hupunguza nguvu ya mionzi na hubidi upandishwe kwanza, na figo zilizobanwa na uvimbe haziruhusu dawa zinazoambatana na mionzi. Beba majibu halisi ya kinyama, si maelezo ya mdomo.

Kama fedha hazipo, usikae nyumbani ukisubiri mavuno. Kila hospitali ya rufaa ina Ofisi ya Ustawi wa Jamii. Nenda na barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa inayoeleza hali ya kaya yako, na uende nayo kabla ya kuandikiwa bili, maana msamaha unaombwa kwa urahisi zaidi mwanzoni kuliko deni likishaandikwa. Mwombe afisa wa Maweni akuandikie barua kwa mwenzake wa huko uendako, uiambatanishe na rufaa.